Mali Bila Daftari: Nyumba za Kupangishwa na Samani Zake Jijini Kampala

Utangulizi

Katika vilima vya Kololo na Nakasero, jijini Kampala, fleti ya kifahari hupangishwa pamoja na kila kitu kilichomo: vitanda, makochi, jokofu, mashine ya kufulia, sahani, vijiko, mapazia, hata picha za ukutani. Mpangaji huingia na sanduku lake la nguo tu. Ukishuka kutoka Kololo hadi Kamwokya, mwendo wa dakika chache kwa bodaboda, utakuta mtu amepanga chumba kimoja ambacho Waganda hukiita muzigo. Humo alikuta kuta nne, mlango na labda balbu. Godoro, sigiri ya makaa, jerikeni za maji na kamba ya kuanikia nguo alivileta mwenyewe.

Ukiuliza sababu ya tofauti hiyo, watu watakujibu kwamba ni suala la pesa. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. Mwenye pesa ndiye anayeweza kujinunulia kitanda, na asiye nazo ndiye ambaye angefurahi kukikuta chumbani. Imekuwaje basi samani akazipata yule anayeweza kuzinunua?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba nyumba yenye samani, katika jiji letu, haikuanza kama anasa. Ilianza kama nyumba ya mtu apitaye ambaye kuna taasisi yenye nguvu nyuma yake. Tangu wakati wa ukoloni hadi leo, jambo lililoamua nani akute kitanda na nani alete chake ni swali la nani anatambuliwa kuwa mgeni wa heshima, na nani anatambuliwa kuwa mfanyakazi wa kuja na kuondoka. Nitaifuata hoja hiyo kwa kutazama kitu kimoja kidogo ambacho wanahistoria hukipita: orodha ya vitu vya nyumba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitauliza ni nani aliyeliandika daftari hilo, na nani aliyebaki na nakala.

Nimetumia mambo ninayoyajua kwa njia mbili mbali na masomo ya darasani. Kwanza, kwa miezi kadhaa nilimsaidia dalali mmoja wa nyumba kuwaonyesha wateja fleti, kwa sababu wateja wake wengi wanatoka Kongo na Sudan Kusini na hawajui Kiganda, bali Kiswahili au Kiarabu. Pili, nimezungumza mara tatu na mzee mmoja fundi seremala wa Nsambya, ambaye mwaka 1972 alikuwa mtumishi katika nyumba ya familia ya Kihindi huko Kololo. Aliniomba nisilitaje jina lake wala la familia hiyo, nami nimeheshimu ombi lake.

Vilima viligawanywaje

Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwasili Buganda Desemba 1890 akapiga kambi juu ya kilima kinachoitwa leo Kampala ya Kale. Zaidi ya miaka tisa baadaye, tarehe 10 Machi 1900, Mkataba wa Buganda ulitiwa saini. Mkataba huo uligawa ardhi kwa kipimo cha maili mraba, na ndiyo maana hadi leo umiliki huo wa ardhi unaitwa mailo. Kabaka, machifu na watu wakubwa walipata mailo zao. Taji la Uingereza likachukua sehemu yake.

Matokeo yake yalikuwa miji miwili iliyotazamana. Upande mmoja ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Kabaka uliozunguka Mengo, ambako Waafrika waliishi na kupangisha vyumba. Upande wa pili ulikuwa mji wa Kampala chini ya sheria za kikoloni, wenye viwanja vilivyopimwa na barabara zilizonyooka. Wazungu walikaa Nakasero, penye hewa nzuri. Waasia, ambao sisi Kampala tunawaita Wahindi, wengi wao walikaa nyuma au juu ya maduka yao chini ya kilima. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mji ulikua haraka, na mipango miwili ikaandaliwa: wa Mirams mwaka 1930, na wa Ernst May, msanifu majengo Mjerumani, uliotolewa mwaka 1947. Huu wa pili ulipanua mji kuelekea Kololo na Naguru. Kololo ikafunguliwa kwa nyumba za wenye nafasi, wakiwemo Wahindi waliotajirika. Naguru na Nakawa zikajengwa nyumba ndogondogo za wafanyakazi wa Kiafrika.

Kuna simulizi kuhusu jina la Kololo ambalo wanafunzi wengi wa Kampala wanalijua. Husimuliwa kwamba Rwot Awich, chifu wa Waacholi wa Payira, alipohamishwa kwa nguvu na Waingereza na kuletwa Kampala, alilalamika kwa lugha yake kwamba yupo pale peke yake, kololo. Sijaja hapa kuthibitisha asili ya neno. Ninachoona ni kwamba kilima ambacho leo kinahesabiwa kuwa mahali pa wageni wa heshima kinakumbukwa na watu kama mahali pa mgeni aliyeletwa bila kupenda. Wageni ni wa aina nyingi.

Samani za serikali

Afisa wa Kiingereza aliyetumwa Uganda hakuja kukaa. Alikuja kwa zamu ya utumishi, kisha akaenda likizo ndefu kwao, na akirudi aliweza kupelekwa wilaya nyingine. Kwa mtu wa namna hiyo serikali ilitoa nyumba, na ndani ya nyumba ikaweka samani zilizotengenezwa chini ya Idara ya Kazi za Umma: meza nzito, viti vya mikono, makabati, vitanda. Nyingi zilichongwa kwa mbao ngumu za nchini, mvule ukiwa wa kwanza. Mzee wa Nsambya, ambaye ujanani alijifunza useremala kwa fundi aliyewahi kufanya kazi katika idara hiyo, aliniambia kwamba meza ya mvule ya serikali ilihitaji wanaume wanne kuinyanyua, na kwamba ndiyo iliyokuwa dhamira: kitu kisichobebeka hakiibiwi.

Afisa alipoingia alikabidhiwa orodha. Vitanda viwili, meza ya kulia moja, viti sita. Aliikagua, akatia saini, na siku ya kuondoka vitu vikahesabiwa upya. Nyumba haikuwa yake, wala meza haikuwa yake. Hakuhitaji kumiliki chochote ili kuishi vizuri, kwa sababu dola ilimiliki kwa niaba yake. Hii ndiyo nyumba yenye samani ya kwanza niliyoweza kuitambua katika Kampala, na tuone wazi kwamba haikuwa ya matajiri kwa maana ya watu wenye mali. Ilikuwa ya watu wenye mwajiri.

Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na kijumba cha watumishi, ambacho hadi leo tunakiita boizikota. Mtumishi naye alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Naye alikuwa na mwajiri. Lakini chumba chake kwa kawaida kilikuwa kitupu, na kitanda, kama kilikuwapo, kilikuwa chake. Sera ya miji ya kikoloni ilimtazama Mwafrika wa mjini kama kibarua ambaye nyumba yake halisi iko kijijini, kwa hiyo mjini alihitaji pa kuegesha mbavu tu. Hapo ndipo ninapoona fumbo la historia yetu: wote wawili, bwana na mtumishi, walihesabiwa kuwa wapitaji. Mmoja upitaji wake ulimletea kochi. Mwingine upitaji wake ndio uliokuwa sababu ya kunyimwa.

Siku tisini

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, ambao bendera yake ilipandishwa palepale Kololo, maafisa wa Uganda walianza kuingia katika nyumba za serikali zilizoachwa na Waingereza. Meza za mvule zilibaki, aliyezikalia akabadilika. Wahindi nao walikuwa wengi zaidi mjini kuliko Wazungu. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu Waasia takribani 74,000 nchini Uganda. Nyumba zao za Kololo hazikuwa za serikali. Walizijenga au kuzinunua, na samani zilizokuwamo zilikuwa zao wenyewe, zimekusanywa kwa miaka.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza wataondoka nchini. Muda uliowekwa ulikuwa siku tisini, na amri ikapanuliwa kwa wengine wengi ambao uraia wao ulitiliwa shaka. Makadirio ya walioondoka yanatofautiana, lakini mengi huanzia watu 50,000. Waliruhusiwa kuchukua pesa kidogo sana, takribani pauni 50 za Kiingereza, na mizigo yenye kikomo. Kabla ya kuondoka walitakiwa kisheria kujaza fomu za kutangaza mali zao: nyumba, biashara, madeni, vitu.

Fomu hizo ni orodha ya pili katika historia hii, na maana yake ni kinyume cha ile ya kwanza. Orodha ya afisa wa kikoloni ilisema: hivi si vyako, lakini utavitumia. Fomu ya mwaka 1972 ilisema: hivi ni vyako, lakini hutavitumia tena. Kwa wiki chache Kololo ikawa na nyumba nyingi zenye samani kamili zisizo na watu, sufuria zikiwa jikoni na mapazia yakiwa madirishani.

Mzee wa Nsambya alikuwa na umri wa miaka 19. Familia aliyoitumikia ilimwachia funguo na kumwomba aitazame nyumba hadi watakapojua hatima yao. Yeye, kwa hofu ya kuja kusingiziwa wizi, alinunua daftari la shule akaandika kila kitu kilichokuwamo. Daftari hilo analo hadi leo. Nimelishika kwa mikono yangu. Limeandikwa kwa Kiganda kilichochanganywa na maneno ya Kiswahili na Kihindi ya jikoni. Linaanza na sebule, linaendelea na vyumba vya kulala, na kuishia boizikota. Mstari wa mwisho unasema kitanda kimoja, na mbele yake ameandika: changu.

Nilimuuliza kwa nini aliandika na cha kwake. Alinijibu, "Mwanangu, kama sikukiandika, nani angejua kwamba si cha Mhindi?"

Mafuta mingi

Wanajeshi walikuja kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Walizungumza Kiswahili. Hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda hatuna budi kusimama kidogo. Lugha tunayoisoma ina historia nzito nchini mwetu. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kuikuza shuleni na katika utawala, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kuipinga. Lakini jeshini iliendelea, na wakati wa Amin raia wengi waliisikia kwanza kizuizini barabarani au mlangoni usiku. Mzee hakukumbuka sura ya afisa aliyeingia. Alikumbuka maneno mawili: "Fungua" na "Toka." Alitoka. Kitanda chake kilibaki ndani. Alipojaribu kueleza kwamba kile kimoja ni chake na kwamba kimeandikwa, askari mmoja alicheka akamwambia kila kilichomo ni mali ya serikali.

Maduka na nyumba ziligawiwa na kamati zilizoongozwa na wanajeshi, na mali zilizobaki zikawekwa chini ya bodi iliyokuja kujulikana kama Bodi ya Msimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka. Kwenye karatasi bodi ilikuwa mwenye nyumba, na aliyekaa ndani alikuwa mpangaji wake. Kwa kweli wengi waliopewa hawakuwa na mkataba wa maana wala hawakulipa kodi inayolingana na nyumba. Watu wa Kampala wakawabuni jina. Waliwaita mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atasahihisha haraka na kusema mafuta mengi, lakini aliyelisema neno hilo mitaani hakuwa anaomba alama za mtihani. Alikuwa anamtaja mtu aliyenona ghafla juu ya kochi ambalo hakulinunua. Pamoja na neno magendo, hili ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliacha katika kumbukumbu ya Uganda, na yote mawili yanahusu mali isiyo na maelezo.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo. Siku zilizofuata zilikuwa za uporaji mkubwa. Watu walibeba vichwani magodoro, viti, milango, sinki na mabati. Mara nyingi tunausoma uporaji huo kama ghasia tu. Mimi nadhani ulikuwa pia hesabu mbaya ya jambo la kweli. Kwa miaka saba wakazi walikuwa wameona samani zikihama kutoka kwa wenye orodha kwenda kwa wenye bunduki. Siku bunduki zilipokimbia, hawakuona sababu ya vitu hivyo kuwa na mwenyewe. Mzee alinieleza kwamba alirudi Kololo siku ya tatu na daftari lake mfukoni. Nyumba ilikuwa tupu hadi swichi za umeme. Meza ya kulia tu ndiyo iliyobaki, kwa kuwa ilikuwa ya mvule na haikuweza kupita mlangoni bila kubomolewa.

Wenyewe warudi

Mwaka 1982 serikali ya Obote ilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa. Vita na hofu viliwafanya wachache sana warudi. Baada ya NRA kuitwaa Kampala Januari 1986, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, urudishaji ulianza kwa nguvu. Waliorudi walikuta nyumba ya familia moja imegeuzwa makazi ya familia tano au sita. Gereji ni chumba, stoo ni chumba, boizikota ina vyumba viwili vilivyotengwa kwa shuka. Hawa wa ndani nao walikuwa na madai: walikuwa wamekaa miaka mingi na baadhi walikuwa wakiilipa bodi kodi kihalali. Wengi waliondolewa. Suala lenyewe halikwisha, kwani hata mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa bado ikichunguza jinsi bodi ilivyosimamia mali hizo.

Mtoto wa familia aliyoitumikia mzee alikuja katika miaka hiyo. Alimtafuta, wakaonana. Mzee alimwonyesha daftari. Yule mtu alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatoa machozi alipofika kwenye cherehani ya mama yake. Kisha akasema kwamba sheria inarudisha nyumba na ardhi. Kwa vijiko na vitanda hakuna wa kumdai. Alimpa mzee pesa za kununulia kitanda. Mzee alikataa kuniambia zilikuwa kiasi gani. Alisema tu kwamba katika watu wote waliopita kwenye nyumba ile, huyo peke yake ndiye aliyesoma mstari wa mwisho.

Baadaye nyumba iliuzwa. Hiyo pia ilikuwa njia ya wengi. Katika miaka hiyohiyo serikali nayo iliuza nyumba zake nyingi za watumishi wa umma. Viwanja vikubwa vya kikoloni vyenye nyumba moja na bustani vikawa na thamani kuliko nyumba zilizokuwa juu yake. Sheria ya mwaka 2001 ikawezesha mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo la ghorofa na kuwa na hati yake. Maandalizi ya mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola, uliofanyika Kampala Novemba 2007, yaliongeza kasi ya ujenzi wa hoteli na fleti za wageni. Mabati mekundu ya Kololo yakaanza kushuka, maghorofa yakapanda. Kwenye kiwanja cha ile familia, aliniambia mzee, pamesimama jengo la ghorofa lenye lifti.

Naguru na Nakawa, zile nyumba ndogo za wafanyakazi, zilibomolewa mwaka 2011 na wakazi wake wakaondolewa kwa ahadi ya mji mpya. Kwa hiyo katika muongo uleule, mlima ulikuwa ukijengewa vitanda vya wageni na mtaa wa wafanyakazi ulikuwa ukipoteza kuta.

Fleti za leo

Nilipomsaidia dalali nilijifunza kwamba soko hili lina utaratibu wake. Fleti nilizoonyesha zilikuwa za kati ya dola 1,200 na 2,500 za Marekani kwa mwezi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka kodi itajwe na kulipwa kwa shilingi isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kololo, pande mbili karibu daima hukubaliana vinginevyo. Mpangaji hulipa amana pamoja na kodi ya miezi ya mwanzo. Mwenye nyumba huwa na jenereta, matangi ya maji na mlinzi getini. Anayejua mambo huuliza maswali ambayo hayamo kwenye picha: mafuta ya jenereta analipa nani, mita ya Yaka ni ya fleti moja au ya jengo zima, na maji yakikatika mjini tangi linadumu siku ngapi.

Wateja wenyewe ni akina nani? Wapo wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, wahandisi wa mafuta na barabara, na wanadiplomasia. Hao wanafanana sana na afisa wa zamani: mwajiri hulipa, muda wao umehesabiwa. Lakini nilikutana zaidi na wafanyabiashara kutoka Bunia na Beni, na familia za Juba ambazo baba amebaki kazini huko na watoto wanasoma Kampala. Hawa hupanga chenye samani kwa sababu hawajui kama watakaa miezi mitatu au miaka mitatu. Vita ndivyo vinavyowapangia. Mama mmoja wa Bunia aliingia fleti ya Nakasero, akakaa kwenye kochi, akaniuliza, "Mtoto, hii yote iko ndani ya bei?" Nilipomwambia ndiyo, alinyamaza kisha akasema kwamba kwao ameacha nyumba yenye vitu kuliko hivi, na hajui nani anavikalia. Nilimkumbuka mzee wa Nsambya, ingawa mama huyo hakuwahi kumsikia.

Kisha ikaja orodha. Kurasa nne zilizochapwa kwa Kiingereza: kochi la viti vitatu, hali nzuri, zulia, hali nzuri, glasi 12. Mama alisaini kwa sababu alikuwa na watoto wamechoka kwenye gari. Nakala haikutolewa. Miezi saba baadaye alipohama, mwenye nyumba alizuia amana yote kwa madai ya doa kwenye zulia na mkwaruzo wa meza. Mama alisema doa alilikuta. Inawezekana, mimi mwenyewe nililiona siku ya kwanza. Lakini orodha ilisema hali nzuri, na saini ilikuwa yake. Nilimweleza mwenye nyumba nilichokiona, naye akanijibu kwamba mimi si shahidi, ni mfasiri. Amana haikurudi.

Nimelitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba orodha si karatasi ya kawaida. Kwa mpangaji mwenye shirika nyuma yake, kuna ofisi ya kusoma kila mstari kabla ya saini. Kwa mpangaji anayekimbia vita na pesa zake mkononi, fleti ni ileile, kodi ni ileile, lakini yeye ni mgeni wa aina nyingine. Tofauti haionekani siku ya kuingia. Huonekana siku ya kutoka.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba nyumba yenye samani jijini Kampala imepita katika mikono minne: ya serikali ya kikoloni, ya utawala wa kijeshi, ya bodi na mahakama zilizorudisha mali, na sasa ya wenye maghorofa. Katika kila mkono kulikuwa na orodha. Dola ya kikoloni iliandika ili isiibiwe na maafisa wake. Serikali ya Amin iliandikisha ili itwae. Sheria ya kurudisha mali ilitambua kuta na ardhi, ikaviacha vitu vya ndani bila mwenyewe. Mwenye nyumba wa leo huandika ili alinde amana. Katika hizo zote, aliyeandika alikuwa upande wenye nguvu, na ndiye aliyebaki na karatasi.

Daftari la mzee ni tofauti. Liliandikwa na mtu dhaifu kuliko wote katika nyumba ile, kwa ajili ya kuwalinda wengine wasidhulumiwe na yeye asisingiziwe. Halikumrudishia mtu yeyote kijiko. Lakini kwa mwanahistoria lina kitu ambacho fomu za mwaka 1972 hazina, yaani ushahidi kwamba ndani ya nyumba moja ya Kololo kulikuwa na wapotezaji wawili. Vitabu vyetu vimezungumza sana juu ya mmoja, na ni haki yake. Juu ya mtumishi aliyepoteza kitanda, kazi na mahali pa kulala kwa siku moja, vimezungumza kidogo mno.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa wenzangu wa historia: tutafute madaftari ya namna hii kwa wazee waliokuwa wapishi, walinzi na yaya kabla hawajatutoka, na tuyapigie picha. Mengi yameandikwa kwa lugha mchanganyiko ambayo wanafunzi wa Kiswahili ndio wenye uwezo wa kuisoma. La pili ni kwa yeyote atakayepanga fleti yenye samani, awe tajiri wa Juba au mwanafunzi aliyepata udhamini. Tembea chumba kwa chumba na mwenye nyumba, taja kila doa kwa maandishi katika lugha unayoielewa, wasainini wote wawili, na uondoke na nakala. Sheria yetu haitamwandikia mpangaji mstari ambao yeye mwenyewe hakuuandika.